Mwanangu ana aleji ya karanga: sindano niichome lini?

Ndugu washauri,

Salamu nyingi. Mwanangu ana miaka 4 na uzito wa kilo 17, na ana pumu inayokuja na kuondoka. Wiki tatu zilizopita, kwenye sherehe ya mtoto mwenzake, alikula kipande cha keki iliyopakwa siagi ya karanga. Hazikupita dakika 10 akaanza kujikuna midomo. Midomo ikavimba, mabaka mekundu yakamtoka shingoni, akatapika mara mbili, kisha akashikwa na kikohozi kikavu kisichokoma. Nikampa dawa ya maji ya aleji, ile ile tuliyompa mwaka jana alipovimba mdomo baada ya kuonja karanga. Akalegea, akasinzia begani kwangu. Nikadhani dawa imefanya kazi. Jirani ndiye aliyeona kwamba anavyopumua sivyo, tukamkimbiza hospitali. Walimchoma adrenalini pajani, na baada ya dakika chache akafumbua macho akaniita. Tulilazwa usiku mmoja.

Tumerudi nyumbani na kalamu mbili za EpiPen, yaani sindano za adrenalini zilizo tayari kuchomwa, za miligramu 0.15, na kusema kweli naziogopa kuliko karanga zenyewe. Nasikia adrenalini hupeleka moyo mbio. Je, nikimchoma bure? Baba yake anasema tuanze na dawa ya maji kama zamani, tukiona haisaidii ndipo tuchome. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, anashauri tumlambishe karanga kidogo kidogo mpaka mwili uzoee. Shule ya chekechea imezipokea kalamu na kuzifungia kwenye kabati la ofisi. Tena maabara moja imempima damu na kutupa orodha ya vyakula 22 vya kuacha, vikiwemo ngano, maziwa na mayai, ambavyo anakula siku zote bila shida. Na nina binti wa miezi 5 anayekaribia kuanza kula. Sijui karanga nimfiche au nimpe.

Nielekezeni, tafadhali.

Mama mwenye hofu

*

Dada mpendwa,

Pole sana kwa siku ile. Kabla ya kitu kingine chochote, tuuzungumzie ule usingizi wa begani, maana ndio unaoweza kukudanganya tena. Mtoto aliyetapika, akakohoa mfululizo, halafu ghafla akalegea, hajatulia. Mara nyingi ni shinikizo la damu linaloshuka na ubongo unaokosa damu ya kutosha. Dawa nyingi za zamani za aleji nazo huleta usingizi, kwa hiyo ukishampa huwezi tena kujua kama kalala kwa dawa au anazimia. Ukihitaji dawa ya aleji ya kuweka nyumbani kwa ajili ya vipele na kuwashwa, muulize daktari kuhusu setirizini, ambayo kwa kawaida hailazi mtoto kwa kiasi hicho.

Lakini hata hiyo setirizini haitibu shambulio kali, na hapa ndipo tunapotaka baba yake asome pamoja nawe. Mtoto mwenye aleji anapokula karanga, seli za kinga zilizotapakaa kwenye ngozi, koo, mapafu na utumbo hupasua vifuko vyake na kumwaga kemikali nyingi kwa pamoja. Histamini ni mojawapo tu. Dawa za aleji huzuia histamini peke yake, na huchukua nusu saa au zaidi kuanza kufanya kazi vizuri. Hazipanui njia ya hewa iliyobana wala hazipandishi shinikizo la damu. Adrenalini hufanya yote hayo kwa mpigo: hukaza mishipa ya damu iliyolegea, hufungua mapafu, hupunguza uvimbe wa koo na huzituliza zile seli zisiendelee kumwaga. Ikichomwa kwenye msuli wa paja la mtoto, hufikia kilele chake katika damu kwa takriban dakika 8. Ikichomwa chini ya ngozi tu, huchukua zaidi ya nusu saa. Ndiyo maana ni paja, na si mkono wala tako.

Mwaka jana uvimbe wa mdomo ulipungua, na kuna uwezekano mkubwa ungepungua hata bila dawa. Shambulio dogo la jana halikuahidi chochote kuhusu la kesho. Ukali hutegemea kiasi alichokula, kama pumu yake imetulia siku hiyo, kama ana homa, kama alikuwa akikimbia muda mfupi kabla au baada ya kula. Pumu isiyodhibitiwa ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa hiyo kumrudisha kliniki ili apate dawa ya kudhibiti pumu ni sehemu ya matibabu ya aleji yake.

Sasa swali lako kubwa: lini?

Ikiwa ni ngozi peke yake, yaani vipele, kuwashwa, mdomo kuvimba kidogo, mpe setirizini kwa kipimo alichoandikiwa, kaa naye kalamu ikiwa mkononi, usimwache hata kwenda chooni peke yake kwa saa 2 zinazofuata. Mashambulio mengi ya chakula huanza ndani ya dakika chache hadi saa 2.

Choma papo hapo, bila kusubiri dalili ya pili, ukiona lolote linalogusa pumzi, koo au fahamu: kikohozi kinachorudi na kurudi, kifua kinachopiga filimbi, sauti iliyokwaruza au kubadilika, kushindwa kumeza, mate yanayodondoka, ulimi kuvimba, kupauka ghafla, kulegea, kuzimia. Choma vilevile zikigongana sehemu mbili za mwili, kwa mfano vipele pamoja na kutapika. Kwa kipimo hicho, siku ile ya keki mwanao alihitaji sindano alipoanza kutapika, kabla hata ya kikohozi.

Usingoje vipele. Katika mashambulio makali, karibu moja hadi mawili kati ya kila 10 hayaoneshi kitu kwenye ngozi. Na kwa kuwa ana pumu, itatokea siku usijue kama kubanwa kule ni pumu au ni karanga. Kama kumetokea ghafla baada ya kula, kalamu kwanza, pampu ya pumu baadaye. Pampu hufungua mapafu tu; haifiki kwenye koo lililovimba wala kwenye shinikizo la damu.

Ukimchoma bure? Atapauka kidogo, mikono itatetemeka, moyo utakwenda mbio, labda atasema kichwa kinauma. Kwa kawaida hayo hupita ndani ya dakika 20 hivi. Miligramu 0.15 ni kipimo cha mtoto wa uzito wake, na hakuna hali ya kiafya ambayo ingemnyima mtoto mwenye shambulio kali haki ya sindano hii. Kinachohusishwa na vifo ni sindano iliyochelewa. Tunakuomba ulishike hilo kwa moyo wote: ukisita kati ya kuchoma na kutochoma, choma.

Namna ya kuchoma. Mkalishe mapajani pako au mlaze, miguu yake uibane katikati ya miguu yako, na mkono mmoja umshike imara juu ya goti. Usilegeze hapo. Mtoto akirusha mguu sindano ikiwa ndani, ngozi huchanika. Mkono mwingine ushike kalamu kwa ngumi, kama unavyoshika rungu, bila kuweka dole gumba juu ya ncha yoyote. Ng'oa kifuniko cha buluu kwa kukivuta moja kwa moja, usikipinde. Ncha ya rangi ya chungwa ndiyo inayotoa sindano. Ielekeze upande wa nje wa paja, katikati kati ya nyonga na goti, isukume kwa nguvu mpaka usikie mlio, kisha ishikilie hapo hapo sekunde 3. Aina nyingine za kalamu hutaka sekunde 10, kwa hiyo soma maelezo ya ile mliyopewa. Suruali usiivue, sindano hupita kwenye nguo. Toa tu kitu kigumu mfukoni na epuka mshono mnene. Ukishaitoa, papasa mahali hapo kwa sekunde 10.

Utaona dawa nyingi bado imebaki ndani ya kalamu. Imetengenezwa hivyo, haina maana kwamba imegoma, na hiyo iliyobaki haitumiki tena. Dalili ya kwamba imefanya kazi ni ile ncha ya chungwa kurefuka na kufunika sindano. Kosa tunalolisikia mara nyingi ni mtu kuishika kichwa chini, akajichoma dole gumba. Ikitokea, mtoto achomwe na kalamu ya pili, na aliyejichoma naye aende hospitali, maana kidole kinaweza kukosa damu.

Baada ya hapo angalia saa, iandike hata kwenye kiganja, na piga simu ya dharura au tafuta usafiri. Mtoto alale chali, miguu imeinuliwa. Kama anapata shida kupumua, akae, miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Akitapika au akipoteza fahamu, alale ubavu. Asisimame wala asitembee hata akisema amepona, wala usimbebe wima begani: damu iliyojaa miguuni hushindwa kurudi moyoni, na moyo unaweza kusimama. Kutembea kwenda kwenye gari kumewahi kuwamaliza watu waliokuwa wameanza kupata nafuu. Dakika 5 zikipita bila nafuu, choma kalamu ya pili, paja la pili.

Hospitali mnakwenda hata kama anacheza. Adrenalini huisha mwilini mapema, na baadhi ya watoto hupata wimbi la pili saa kadhaa baadaye bila kula kitu kingine. Walipowalaza usiku ule walifanya vyema.

Kuhusu shule, kabati lililofungwa linafuta kazi yote ya kalamu. Aliye na ufunguo akitoka, zimepita dakika ambazo mtoto hana. Kalamu zote mbili zikae pamoja kwenye kimfuko kimoja kinachokwenda aliko mtoto: darasani, uwanjani, kwenye basi. Jioni zinarudi naye nyumbani. Ukiweza kupata jozi nyingine ya kubaki shule, bora zaidi, lakini usigawe jozi moja katikati. Ndani ya kimfuko weka karatasi moja: picha yake, uzito, aleji yake, dalili za kuchoma kwa maneno machache, na namba zenu za simu. Mwombe mwalimu wa darasa, yule wa zamu ya chakula na dereva, kila mmoja aoneshwe namna ya kuchoma. Waambie wazi kwamba hawahitaji kukupigia wewe kwanza kuomba ruhusa. Wachome, wapige simu ya dharura, ndipo wakupigie.

Kalamu ziwe kwenye joto la kati ya nyuzi 20 na 25. Zisiingie friji, zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kila mwezi chungulia kidirisha: dawa iwe angavu kama maji. Ikigeuka rangi, ikawa na ukungu au vipande, badilisha. Na akifika kilo 25 hivi, muulizeni daktari kuhusu kalamu ya miligramu 0.3.

Kwa wasomaji walio mahali ambapo kalamu hazipatikani: adrenalini ya ampuli, miligramu 1 katika mililita 1, ni dawa ile ile, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kipimo ni mililita 0.01 kwa kila kilo; mtoto wa kilo 17 hupata mililita 0.17, kwenye msuli wa paja, kwa bomba la mililita 1. Hatari yake ni nukta. Mililita 1.7 ni mara kumi ya kipimo, na mtu mwenye hofu hukosea nukta kirahisi. Kwa hiyo familia inayopewa ampuli ifundishwe na daktari au muuguzi, ikarudie mbele yake kwa maji, na bomba liwekewe alama ya kalamu ya wino pale pa kuishia.

Sasa mama mkwe. Mweleze kwa heshima kwamba wazo lake lina asili ya kweli, ila jikoni si mahali pake. Matibabu ya kuuzoesha mwili yapo. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha unga maalumu wa karanga kwa watoto wa miaka 4 hadi 17. Siku ya kwanza, mbele ya daktari, mtoto huanza na nusu miligramu ya protini ya karanga, ambayo ndiyo inayoleta aleji, kisha hupandishwa ngazi kila baada ya wiki 2 hadi kufikia miligramu 300, safari inayochukua angalau wiki 22. Punje moja ya karanga ina takriban miligramu 250 za protini. Kulamba kijiko, kwa hiyo, kunaweza kuwa mara mia kadhaa ya kipimo cha kuanzia. Hata wanaotibiwa hivyo hutembea na kalamu zao kila siku, kwa sababu mashambulio hutokea katikati ya matibabu. Kama daktari wa mizio, yaani wa aleji, atamwona mwanao anafaa, hapo bibi atakuwa na kazi kubwa na ya kweli ya kusimamia dozi za kila siku.

Kuna jambo jingine analoweza kufanya leo: kunawa mikono kwa sabuni na maji kabla ya kumshika mjukuu. Vitakasa mikono huua vijidudu, lakini protini ya karanga huibakiza palepale. Kukaanga au kuoka nako hakuiondoi. Mate ya mtu aliyekula karanga hubaki nayo kwa muda, kwa hiyo kijiko cha kuonjea na busu la mdomoni si salama. Harufu ya karanga, kwa upande mwingine, haibebi protini ya kutosha kumletea shambulio. Msimhamishe mtoto chumba kwa sababu ya harufu, na asijifunze kuiogopa.

Kwenye lebo za vyakula, soma viambato kila mnaponunua, hata kama ni biskuti mliyoizoea mwaka mzima, maana watengenezaji hubadilisha bila kutangaza.

Ile orodha ya vyakula 22 iwekeni kando. Vipimo vinavyotoa orodha ndefu namna hiyo mara nyingi hupima kingamwili za aina ya IgG, ambazo huonesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na chakula. Kinachohusika na aleji ya aina hii ni IgE, na hata yenyewe ikionekana kwenye damu haitoshi kumnyima mtoto chakula anachokila bila tatizo. Mkimwondolea maziwa, mayai na ngano kwa pamoja mnahatarisha ukuaji wake. Na kuna ubaya usiojulikana sana: mtoto, hasa mwenye ukurutu wa ngozi, akiacha kwa muda mrefu chakula alichokivumilia, anaweza kurudi kwacho na kukuta kimekuwa aleji ya kweli. Aendelee kula kama alivyokuwa akila. Daktari wa mizio atampima karanga, na pengine jamii ya korosho na lozi kama bado hajawahi kuzila. Mkienda kwa kipimo cha ngozi, ulizeni mapema ni siku ngapi za kusimamisha setirizini, kwa kuwa huficha majibu. Na mrudi kupimwa kila baada ya muda anaowapangia, kwa sababu takriban mtoto mmoja kati ya 5 wenye aleji ya karanga huja kupona.

Binti yako sasa. Usimfiche. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika London kwa watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wakiwa na ukurutu mkali au aleji ya mayai. Waliolishwa karanga mara kwa mara hadi miaka 5 walipata aleji yake pungufu kwa karibu asilimia 81 kuliko waliofichwa. Kama binti yako ana ukurutu mkali au ameshaonesha aleji ya mayai, aonwe na daktari kabla ya kuonja. Kama hana, subiri afike miezi 6 hivi na awe ameshazoea vyakula vingine laini. Chukua vijiko 2 vya chai vya siagi laini ya karanga, koroga na maji ya moto mpaka iwe uji mwepesi, ipoe. Mpe ncha ya kijiko, ngoja dakika 10, kisha aendelee polepole na umwangalie kwa saa 2. Iwe asubuhi, akiwa mzima. Ikimkubali, mrudishie kiasi hicho mara 3 kwa wiki, asiache. Punje nzima hapana kabisa kabla ya miaka 5, kwa ajili ya kukabwa.

Kwa kuwa kaka yake yumo nyumba hiyo hiyo, mlisheni binti wakati kaka yuko chekechea, mezani mahali pamoja, binti akiwa na kitambaa cha kifuani kinachofuliwa palepale, na mfuteni uso na mikono kwa sabuni na maji kabla kaka hajarudi kumbusu.

Woga wa kalamu hupungua mkono ukizoea. Ombeni hospitali kalamu ya mazoezi isiyo na sindano, na mwanao aione kama kitu cha kawaida cha nyumbani. Kalamu za sasa zikishaisha muda na mpya zikawa mkononi, nunua machungwa mawili, mkae mezani wewe, baba yake, bibi na mwalimu. Kalamu ni mbili, basi bibi achome moja na baba nyingine, ninyi mkiwahesabia sekunde: kifuniko, ngumi, mlio, moja, mbili, tatu. Kisha zirudisheni hospitali zikateketezwe.

Washauri